Je, Ni Halali Kustarehe Mahali Palipomwagika Damu?

Katika nchi yetu ni vigumu kupata mahali pazuri ambapo hapakuuawa mtu. Sisemi hivi kwa kutia chumvi. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu zaidi ya milioni moja waliuawa kwa muda wa siku mia moja, na hawakuuawa mahali pamoja. Waliuawa makanisani na mashuleni, katika viwanja vya mpira, kwenye vizuizi vya barabarani, mabondeni, mitoni na kando ya maziwa. Leo sehemu nyingi kati ya hizo ndizo tunazoalikwa kwenda kutembea, kuogelea, kupiga picha na kulala hemani. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, ni halali mtu kustarehe mahali kama hapo? Na ikiwa ni halali, kwa sharti gani?

Nimelichagua swali hili kwa sababu vijana wa Kigali hulijibu kila likizo bila kulitamka. Basi linaondoka Nyabugogo, linashusha abiria Rubavu au Karongi, mizigo inawekwa chini na watu wanakimbilia majini. Hilo tayari ni jibu, na jibu lenyewe ni "ndiyo". Mimi pia mwishoni nitasema ndiyo. Lakini nataka tufike kwenye ndiyo hiyo kwa njia ndefu, kwa sababu njia ya mkato ina hatari zake.

Rwanda haina bahari. Pwani yetu ni Ziwa Kivu, upande wa magharibi, ambako ng'ambo yake ni Kongo. Ziwa hilo liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinapita mita 400. Kandokando yake kuna njia ya wasafiri iitwayo Congo Nile, yenye kilomita 227, kutoka Rubavu kaskazini hadi Rusizi kusini, ikipitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Mwenye kutembea kwa miguu huimaliza kwa siku kumi hivi, mwenye baiskeli kwa siku tano. Njia hupanda na kushuka vilima, hupita katikati ya kahawa, chai na migomba, na katika kila kijiji watoto hukimbia pamoja nawe mpaka wachoke. Jioni wavuvi hutoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti, wakiimba ili makasia yaende pamoja, kwenda kuvua sambaza kwa mwanga wa taa. Zipo sehemu za kupiga hema, na alfajiri ukichungulia nje unaona visiwa vikitokeza kwenye ukungu. Nimetembea sehemu ya kwanza ya njia hiyo pamoja na wanafunzi wenzangu saba, siku nne kutoka Rubavu hadi Karongi, na katika nchi hii sijaona mahali panapopendeza zaidi.

Sasa tazama Karongi yenyewe, mji ambao zamani uliitwa Kibuye. Juu ya rasi inayoingia ziwani lipo kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane, ambalo kila msafiri hulipiga picha kwa jinsi lilivyokaa juu ya maji. Aprili 1994 maelfu ya Watutsi walikimbilia hapo, wakiamini kwamba hakuna atakayethubutu kuua ndani ya nyumba ya Mungu. Tarehe 17 walishambuliwa na kuuawa. Kesho yake ikawa zamu ya waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Gatwaro, mjini humohumo. Mkuu wa mkoa wakati huo, Clément Kayishema, alikuwa daktari kwa taaluma. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Mei 1999 na kumhukumu kifungo cha maisha. Na katika vilima vya Bisesero, juu ya ziwa hilohilo, watu walijitetea kwa mawe na mikuki dhidi ya wenye bunduki na mabomu ya mkono, majuma kwa majuma, hadi mwishoni mwa Juni. Makumi ya maelfu walikufa huko. Septemba 2023 Bisesero iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Nyamata, Murambi na Gisozi.

Pale kwenye kilima cha kanisa, leo utakuta mambo matatu kwa pamoja. Kuna kumbukumbu ya waliouawa. Kuna kanisa ambalo bado linasalisha misa. Na kuna nyumba ya wageni inayotazama ziwa. Kaburi, sala na kitanda cha mgeni ni pua na mdomo. Kwa hiyo swali langu si la kubuni. Mtu anayelala pale anaamka na kuliona kabla ya chai.

Wapo wanaosema si halali. Hoja yao ni rahisi kueleweka, kwa sababu imejengwa juu ya desturi tunayoijua sote: jirani akifiwa, unazima redio. Hakuna anayehitaji kufundishwa hilo. Nchi yetu nayo imeliweka katika utaratibu, ndiyo maana katika juma la maombolezo linaloanza tarehe 7 Aprili hakuna muziki wa starehe wala sherehe. Wanaoshika hoja hii wanauliza: ikiwa tunanyamaza kwa ajili ya jirani mmoja aliyekufa kitandani mwake, tutapigaje kelele mahali walipouawa maelfu?

Naiheshimu hoja hii, lakini ina tatizo kubwa. Msiba huwa na mwisho. Matanga huanuliwa, si kwa sababu marehemu amesahauliwa, bali kwa sababu waliobaki wana watoto wa kulea na mashamba ya kulima. Tukisema kwamba kila mahali palipomwagika damu pamefungwa milele kwa furaha, nani atakayefungiwa kwanza? Si mimi wa Kigali. Mimi nitatafuta ufuko mwingine. Atakayefungiwa ni manusura ambaye kwao ni palepale. Itabidi ahame kijiji chake ili aweze kucheka. Waliopanga mauaji walitaka watu wale wasiwe na maisha tena katika vilima vile. Sheria ya kukataza furaha, hata ikitungwa kwa nia njema, ingewamalizia kazi yao.

Wapo wengine wanaosema ni halali kwa sababu ya riziki. Msafiri hununua sambaza, hulipa mwenye mtumbwi, hulipa kijana anayemwongoza njia, hulala katika nyumba ya mtu. Bila wasafiri, wanasema, kijiji kingekuwa maskini zaidi, na heshima haijazi sufuria. Hili ni kweli, na sipendi kulidharau, kwa sababu kwa kawaida wanaolidharau ni watu wenye mshahara. Hata hivyo riziki peke yake haijibu swali letu. Fedha inaweza kuthibitisha kwamba ziara ina faida, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba ina adabu. Mgeni anayelipa vizuri na kutapika mlangoni mwa mwenyeji wake bado hana adabu.

Kundi la tatu lina hoja inayopendwa zaidi, nami ndiyo ninayoiogopa zaidi. Wanasema: wafu wenyewe wangependa tufurahi. Nimeisikia mara nyingi, na kila mara naona inakuja kwa urahisi mno. Hatukuwauliza. Marehemu hana mdomo, na kumwekea mdomoni maneno yanayotunufaisha sisi ni namna ya kumwibia. Labda wangependa tufurahi. Labda mmoja wao angependa tunyamaze miaka mia. Labda mwingine angetaka kwanza kujua ng'ombe wake walichukuliwa na nani. Watu maelfu hawana mapenzi ya aina moja, wakiwa hai au wamekufa.

Ikiwa basi hatuwezi kupata ruhusa kutoka kwa wafu, wala kutoka kwa fedha, wala hatuwezi kufunga nchi nzima, tutaipata wapi? Nadhani kosa liko katika swali lenyewe. Sote watatu tunaliuliza swali hili kuhusu mahali, kana kwamba udongo ndio wenye kuruhusu au kukataza. Udongo hauna neno. Wenye neno ni watu wa mahali hapo.

Hili lilinijia katika safari ile niliyoitaja, jioni ya mwisho, tulipokuwa tumepiga hema karibu na maji mjini Karongi. Mwenzetu mmoja alikuwa na spika ndogo na muziki ulikuwa unapigwa. Mwingine, baada ya kuambiwa kanisa lile juu ni lipi, akasema tuzime. Ubishi ukaanza, tuzime au tusizime, mpaka msichana mmoja kati yetu, ambaye muda wote alikuwa anageuza mahindi kwenye moto, akasema:

"Jamani, mama yangu alizaliwa hapa."

Wote tukanyamaza. Mwenye spika akanyoosha mkono kuizima.

"Mnaona?" akasema. "Kila nikisema kwetu ni hapa, watu wananyamaza. Nimechoka kuwa msiba wa watu. Muziki acheni au zimeni, mimi sawa. Lakini kuna mtu hata mmoja ataniuliza mama yangu alikuwa anafanya nini hapa alipokuwa mtoto?"

Tukamuuliza. Akatueleza kwamba wajomba zake walikuwa wakishindana kuogelea hadi kwenye kisiwa kidogo tulichokiona mbele yetu, na kwamba mkubwa wao alikuwa akidanganya, anashika mtumbwi wa wavuvi njiani na kudai ameshinda. Akataja majina yao. Akasema bibi yake alikuwa akiwachapa wote, mshindi na washindwa, kwa sababu ya nguo kulowa. Tukacheka, naye akacheka. Hakuna hata mmoja wa wajomba hao aliye hai. Hilo tulilijua bila kuambiwa, na hakuna aliyemuuliza walikufaje.

Sioni kwamba kicheko kile kilikuwa dharau. Naona kilikuwa karibu zaidi na heshima kuliko ukimya uliotangulia, kwa sababu ukimya ule ulimfanya mwenzetu kuwa kaburi, na kicheko kilimrudishia wajomba. Kwa miaka mingi tumefundishwa, na ni sawa tufundishwe, jinsi watu hao walivyokufa. Lakini mtu si kifo chake tu. Mtu aliyeuawa Kibuye akiwa na miaka thelathini alikufa kwa siku moja, na aliishi kando ya ziwa hili kwa siku elfu kumi na zaidi. Ziwa tunalolifurahia sisi lilikuwa lao kwanza. Walioga humo, walivua humo, walitongozana humo kandokando. Anayekuja kuogelea bila kujua kwamba walikuwapo anawafuta. Anayekuja akajua, na akaogelea, anafanya walichokuwa wakikifanya wao.

Kiswahili kina methali isemayo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida tunaieleza kwamba mgeni akifika, mwenyeji naye hupata kula vizuri, maana kuku huchinjwa kwa ajili ya mgeni. Lakini neno lililotumika ni kupona. Ugeni mzuri unaponya. Na methali haimwambii mgeni akae nyumbani ili asimsumbue mwenyeji, inamwambia aje. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: mgeni afanye mahali hapo lile tu ambalo asingelificha iwapo mwenyeji aliyefiwa angepita njiani wakati huohuo. Kuogelea, huwezi kukuficha wala huna haja. Kupika, kuimba, kucheza karata, kulala hemani, vivyo hivyo. Kujipiga picha ukibinua midomo mbele ya masanduku ya mifupa, utaficha simu. Kuvinjari ufukweni juma la Aprili na chupa mkononi, utaficha chupa. Kila mtu anajua atakachokificha. Huhitaji kuandikiwa kwenye ubao.

Lakini angalia: kipimo hiki hakifanyi kazi kwa asiyejua. Asiyejua kwamba anayepita njiani amefiwa hana cha kuficha, atapiga kelele kwa moyo mweupe. Ndiyo maana nasema sharti la kwanza la starehe mahali kama hapa ni kujua. Si kulia wala si kukunja uso, ni kujua. Wengine watasema kujua kunaharibu likizo. Mimi sikuona likiharibika. Usiku ule ziwa lilikuwa lilelile, ila lilikuwa na watu.

Hapa linakuja pingamizi zito. Nimeweka mizani yote mikononi mwa mwenyeji. Je, mwenyeji akiwa hayupo? Mwanafalsafa na mwanatheolojia wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya lugha yetu, Sasa na Zamani. Alieleza kwamba aliyekufa huendelea kuwamo katika Sasa maadamu wapo walio hai wanaomkumbuka kwa jina. Wa mwisho kumkumbuka akifa naye, marehemu huzama katika Zamani, ambako majina hupotea.

Wajomba wa mwenzetu bado wamo katika Sasa. Lakini nenda Mkunazini, Unguja. Hapo palikuwa na soko la watumwa, likafungwa mwaka 1873, na mahali pake likajengwa kanisa la Kianglikana. Watalii huingia katika vyumba vya chini, huinama kwa sababu dari ni fupi, hutoka, na jioni hula urojo na mishikaki Forodhani. Sisemi hilo ni baya. Nasema tu kwamba hakuna atakayewazuia njiani na kuwaambia: mjomba wangu alipita hapa, jina lake fulani, alikuwa mwongo wa kuogelea. Watu wale waliotoka bara, labda wengine kutoka vilima visivyo mbali na vyetu, wamekwisha zama katika Zamani. Hawana mwenyeji wa kupita njiani.

Mtu anaweza kudhani kwamba hapo mzigo wa mgeni unapungua, kwa kuwa hayupo wa kuumia. Naona kinyume chake. Mahali penye mwenyeji, adabu yangu inasaidiwa na macho yake. Mahali pasipo na mwenyeji, lazima mgeni awe mwenyeji wa nafsi yake. Ajiulize mwenyewe, ajikataze mwenyewe. Ni kazi ngumu zaidi, na wengi hushindwa.

Nalisema hili kwa sababu siku moja Karongi itakuwa kama Mkunazini. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1994 sasa ni mtu wa makamo. Wanyarwanda walio wengi leo tumezaliwa baada ya mauaji. Sisi ndio tutakaoishi na manusura wa mwisho, na tutakapozeeka hatakuwapo hata mmoja. Vitabu vitabaki, makumbusho yatabaki, hukumu za Arusha zitabaki. Lakini hukumu huandika marehemu alivyouawa. Haiandiki kwamba alishika mtumbwi njiani na kudai ameshinda. Jambo kama hilo hukaa katika mdomo wa mtu, na mdomo huo uko kando ya ziwa, si maktabani Kigali.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ni halali. Tena nasema zaidi: ni afadhali kwenda kuliko kukaa. Asiyekwenda kabisa kwa kuogopa kukosa adabu hachafui mahali, lakini pia harudi na jina hata moja. Anayekwenda anatakiwa kutenganisha mahali pa kumbukumbu, ambapo huingia kwa kunyamaza, na ufuko, ambao hapaswi kuugeuza kaburi. Alipe anachostahili kulipa. Asalimie watu njiani kama mtu aliyefika kwao. Na akiuliza, aulize kwa heshima: asimwulize manusura alifanyiwa nini, maana hiyo ni siri ya mtu, ataitoa akitaka mwenyewe. Amwulize hapa waliishi kina nani.

Likizo inakuja. Aliye na hema achukue hema, na aliye na spika asiiache. Lakini tukifika, kabla ya kuingia majini, tumtafute mtu wa pale, tuketi naye kidogo, tumwulize kile kilima kinaitwaje na kisiwa kile nani walikuwa wakishindana kukifikia.